Kabla hujaniletea nichape: namna ya kukisafisha Kiswahili chako

Mwaka wangu wa pili kwenye steshenari, hapa Ngamiani, Tanga, nilichapa kadi 200 za harusi zenye mstari huu: "Mahari: Ukumbini, Saa 12:00 jioni." Bibi harusi alizisoma. Kamati ilizisoma. Mimi nilizisoma mara 3. Aliyeliona kosa ni mjomba wa bwana harusi, na wakati huo kadi zilikwisha kugawiwa mpaka Muheza. "Kumbe mahari yetu ni ukumbi mzima," akasema, "na sisi hatukuambiwa!" Watu walicheka hadi siku ya harusi yenyewe. Mimi sikucheka, kwa sababu nilirudisha nusu ya malipo.

Tangu siku hiyo sichapi kazi ya mtu kabla sijaipitisha kwenye utaratibu wangu. Nauandika hapa uutumie mwenyewe nyumbani, unipunguzie kubishana nawe dirishani huku foleni ya kutoa kopi inasubiri.

Kwanza, usome kwa sauti, polepole, kama unamsomea bibi asiyesikia vizuri. Ukisoma kimya kimya utasoma ulichotaka kuandika. Na usiitegemee kompyuta ikuokoe. Nyingi zimewekwa Kiingereza, kwa hiyo kila neno lako linapigiwa mstari mwekundu, lililo sahihi na lililokosewa, mpaka jicho linazoea na kuacha kuangalia.

Pili, ujue ugonjwa wako. Kila mtu ana herufi zinazomponyoka, na mara nyingi zinatokana na lugha ya nyumbani kwao au mazoea ya mtaani. Hakuna aibu hapo. Wa kwangu, kama ulivyoona, ni r na l. Nikiona "kura" najiuliza ni ya uchaguzi au ni ugali. Nikiona "karamu" najiuliza ni sherehe au ni ya kuandikia. Kijana anayenisaidia yeye ni h. Siku moja aliandika kwenye tangazo la msiba kwamba marehemu "alipata hajali ya pikipiki". Nikamwambia, mwanangu, hajali ni mtu asiyejali, huyu alipata ajali. Sasa amebandika kikaratasi pembeni ya kioo cha kompyuta: upande mmoja ajali, athari, adimu, aina, upande wa pili hapa, huyu, hewa, hofu, hatari. Nawe jitengenezee chako, maneno 10 yanatosha.

Wa dh, th na z, dawa yao ni kamusi tu, sina ujanja mwingine. Mechi inakuwa dhidi ya timu fulani. Bei ndiyo inayozidi. Kitu kina thamani, mshtakiwa anapewa dhamana, na zamani ni zamani. Mimi ninayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, toleo la kwanza, la mwaka 1981, jalada limeshikiliwa kwa gundi, na bado inanimalizia ubishi mwingi.

Hapohapo niseme kuhusu suala na swala, maana hili linanipandisha presha. Suala ni jambo, na yakiwa mengi ni masuala. Swala ni mnyama wa porini, au ni ibada. Ukiniletea taarifa ya kikao yenye "swala la maji taka", mimi naona mnyama kasimama mtaroni.

Tatu, na hapa ndipo pana kazi, fuata nomino. Chukua penseli, pigia mstari kila nomino, halafu chora mshale kwenda kwenye kila neno linaloitegemea. Mwenye nyumba mmoja aliniletea tangazo la kubandika ukutani kwa wapangaji wake. Nililinakili nikalitunza:

"Mpangaji yoyote ambaye atakaye chelewa kulipa umeme atakatiwa na vitu zake zitatolewa nje."

Tuanze na "yoyote". Mshale unatoka kwa mpangaji, naye ni mtu mmoja, kwa hiyo ni yeyote. Wangekuwa wengi ingekuwa wapangaji wowote. Barua yoyote, jambo lolote, kitu chochote, mahali popote: kila nomino na lake, na "yoyote" haikuumbwa ibebe dunia nzima. Kisha "ambaye atakaye". Hapa kirejeshi kimoja, yaani kile kipande cha -ye kinachomrejelea mpangaji, kimewekwa mara mbili, ni kama mtu kuvaa kofia juu ya kofia. Chagua: ama "ambaye atachelewa", ama "atakayechelewa". Mimi napenda la pili, ni fupi, ila ukilichagua uliandike pamoja, maana "atakaye" peke yake ikisomwa haraka ni mtu anayetaka kitu. Mwisho "vitu zake zitatolewa". Vitu ni vi, basi ni vyake, na vitatolewa. Tukapata:

"Mpangaji yeyote atakayechelewa kulipa umeme atakatiwa, na vitu vyake vitatolewa nje."

Mwenye nyumba akasoma, akatikisa kichwa, akasema, "Sasa imekuwa kali zaidi." Akalipa bila kuomba punguzo.

Mshale huohuo utakuonyesha kosa la mahali. Neno likishapata -ni mwishoni, limekwisha kubeba "katika" na "kwenye" ndani yake. Karibuni ukumbini, au karibuni kwenye ukumbi, lakini si "kwenye ukumbini". Tena -ni ikiingia inabadilisha mshale: nyumba yangu, lakini nyumbani kwangu. "Nyumbani yangu" naiona sana, hata kwa watu wenye vyeti vikubwa kuliko ukuta wangu.

Kuunganisha na kutenganisha nitapita haraka. Andika kwa sababu, kwa hiyo, kwa ajili, na kadhalika. Kila neno na kiti chake. Andika anakuja, hatujafika, ijapokuwa, mojawapo. Hayo hayakai mbalimbali. Nafsi na wakati haviachani na kitenzi, na ukishika hilo tu umemaliza robo tatu.

Nne, angalia mkia wa kitenzi, ujue nani anatoa na nani anapokea. Kamati moja ya harusi iliniletea taarifa ya mapato na matumizi. Kwenye matumizi waliandika, "Tulikodisha magari 3." Shangazi wa bibi harusi alikuwa amekaa kwenye benchi langu anasubiri kopi ya kitambulisho, akachungulia. "Mlikodisha? Basi hela ya kukodisha mbona siioni kwenye mapato?" Mweka hazina akababaika. Shangazi alikuwa na haki. Anayelipa ili apate gari amekodi. Mwenye gari ndiye aliyekodisha. Vivyo hivyo kukopa na kukopesha. Na nyumba ya kuishi, kwetu, mtu anapanga, mwenyewe anapangisha. Ukibandika "Nyumba inapanga" watu wataelewa, ila watatabasamu kwanza.

Tano, futa kila "weza" usiyoihitaji. Huu ugonjwa umeenea kwenye maikrofoni za sherehe, ukahamia kwenye barua. "Mgeni rasmi aliweza kuwasili." Kwani alikuwa mgonjwa? "Nimeweza kupokea barua yako." Ilikuwa nzito? Nilikuwa nauchekea mpaka alipokuja kijana mmoja na shukrani za msiba wa mama yake: "Mwezi uliopita tuliweza kumpoteza mama yetu mpendwa." Hapo sikucheka. Nilimvutia kiti, nikamwambia, baba, pole sana, ngoja tusome pamoja. Kuweza ni kuwa na nguvu au nafasi ya kufanya jambo; ukisema mliweza kumpoteza, ni kama mlilijaribu mkafanikiwa. Akanyamaza, kisha akaifuta mwenyewe. "Mwezi uliopita tulimpoteza mama yetu mpendwa." Jaribio ni hilohilo kwako: futa weza, soma tena. Kama hakuna kilichopotea, haikuwa na kazi.

Ndugu zake ni maneno yaliyohamishwa kutoka Kiingereza bila kuvuliwa viatu. "Mkutano utachukua nafasi Jumamosi." Nafasi ya nani? Mkutano utafanyika. "Wazazi wanacheza nafasi kubwa katika malezi." Wazazi wana sehemu kubwa, au wanachangia sana, hawachezi. Na "mwisho wa siku" kwangu ni magharibi. Ukitaka kumaliza hoja sema hatimaye, au basi.

Vidogo vidogo: "asilimia 20%" inasema jambo mara mbili, chagua moja. "Haswa" naigeuza iwe hasa. "Masaa 2" naigeuza iwe saa 2, na kama mtu anaweza kudhani ni saa 2 ya kwenye ukuta, naandika "muda wa saa 2". Mdogo wangu anasema masaa kila siku na tunakula sahani moja. Nasahihisha kinachochapwa, mdomo wa mtu siugusi. Anayesema "anakujaga" akiwa mezani aseme. Kwenye barua ya kuomba kazi aandike "huja" au "huwa anakuja".

Na kuna mahali pa kuzuia mkono kabisa. Kijana wangu, akiwa amekolewa na usahihishaji, alipewa shairi na mzee mmoja aliyetoka Mombasa, la kusomwa kwenye harusi ya mjukuu wake. Vina vya mwisho vilikuwa vya -to: kito, moto, mto. Beti moja ilikuwa na "mato". Kijana akaona kosa, akaandika "macho". Mzee aliposoma nakala alifika hapo akasimama, akavua miwani. "Nani kanivunjia kina?" Mato ndiyo macho kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Wakubwa wa enzi ya ukoloni walipokutana huko huko Mombasa mwaka 1928 walichagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na ndicho tunachoandikia barua na matangazo. Hawakukifuta Kimvita, wala Kiamu cha Lamu, na washairi wamevitumia miaka mingi kabla ya kikao hicho. Kwa hiyo kama neno linakushangaza kwenye shairi, uliza kwanza anatoka wapi mwenyewe. Tulimchapia upya bure, kijana akamkimbilia na kahawa.

Ukishamaliza yote hayo, acha karatasi ilale usiku mmoja ikiwezekana. Asubuhi soma vitu ambavyo hakuna sarufi ya kuviokoa: majina ya watu, tarehe na siku yake uilinganishe na kalenda, na namba ya simu uipige kwa simu nyingine uone kama inaita. Kisha niletee. Nakala ya kwanza ya majaribio natoa bure, na utaisaini kwa kalamu yangu hapo dirishani kabla sijabonyeza 200.