Noti ya hamsini inapima mpira wa friji kuukuu

Kabla hujamwita fundi aongeze gesi kwenye friji kuukuu, pima mpira wa mlango kwanza. Nimejifunza hili juzi baada ya kutoa moja soko la Kibuye, Kisumu, kompresa ikinguruma mchana kutwa na maziwa bado yanachacha. Bana noti ya hamsini mlangoni, funga, kisha ivute polepole. Ikikuvuta nawe kidogo, hapo pako sawa; ikiteleza kama haina mwenyewe, hewa inaingia. Zunguka pande zote nne, na usiruke kona ya chini upande wa bawaba, kwangu ndipo palipokuwa pameachia.

Chomoa friji, kanda sehemu hiyo kwa kitambaa cha maji moto (si ya kuchemka) hadi mpira ulegee, uvute utoke nje kidogo kwa vidole, funga mlango mpaka asubuhi. Mpira huwa umekauka ukajikunja; joto linaulainisha, sumaku ya ndani inafikia bati tena. Kisha chomeka tena, weka glasi ya maji yenye kipimajoto katikati usiku kucha: kisome nyuzi 4 au chini.

Haisaidii mpira ukiwa umepasuka au mlango umelala kwenye bawaba. Na zile za zamani kabisa, za kitasa cha kubana, hazina sumaku. Hizo kaza kitasa. Lakini kama kuna watoto nyumbani, usiache mlango huo unaofungika bila mtu kuweza kuufungua akiwa ndani. Marekani waliutungia sheria mwaka 1956.