Wasifu wa Mwalimu Nyerere: namna ya kupanga tarehe na vyeo visikusute

Chukua sentensi hii, ambayo kwa sura moja au nyingine hujitokeza kila Oktoba kwenye kazi za shule na mabango ya kumbukumbu: "Nyerere alizaliwa Tanzania mwaka 1922, akapata shahada ya uzamili Edinburgh, akaanzisha TAA, akawa Rais wa Tanzania tangu uhuru 1961 hadi alipostaafu siasa 1985."

Ina makosa sita. Butiama ya 1922 ilikuwa Tanganyika, Tanzania haikuwapo. M.A. ya Edinburgh aliyoipata 1952 ni shahada ya kwanza, maana vyuo vikuu vikongwe vya Uskoti huiita hivyo shahada ya kwanza ya sanaa, na Makerere alikuwa ametoka na stashahada ya ualimu. TAA, yaani Tanganyika African Association, hakuianzisha: ilitokana na African Association ya 1929, naye alichaguliwa rais wake 1953. Alichokianzisha pamoja na wenzake, kutokana na TAA hiyohiyo, ni TANU, chama kilichodai uhuru, tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1961 hakuwa rais, na nchi aliyoiongoza haikuitwa Tanzania. Na 1985 aliacha urais, si siasa. Uenyekiti wa CCM aliuachia 1990.

Makosa yote haya yana mzizi mmoja. Mwandishi huokota tarehe, halafu cheo na jina la nchi akavijaza kwa mazoea. Kwa hiyo kabla ya kuandika aya yoyote, chora jedwali la safu nne: tarehe, cheo, jina la nchi siku hiyo, na ulikoipata habari. Kwa wasifu wa maneno 1000 mistari 20 hadi 25 inatosha. Mstari wenye safu tupu hauingii kwenye maandishi.

Miaka inayowaangusha wengi ni 1960 hadi 1964. Ipange hivi:

Septemba 1960: Waziri Kiongozi, Tanganyika bado chini ya Uingereza.
1 Mei 1961: Waziri Mkuu, nchi ikiwa na serikali ya ndani.
9 Desemba 1961: uhuru. Anabaki Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi ni Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull.
22 Januari 1962: anajiuzulu uwaziri mkuu ili akijenge chama; Rashidi Kawawa anashika nafasi.
9 Desemba 1962: Rais wa Jamhuri ya Tanganyika.
26 Aprili 1964: Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina "Tanzania" linakuja Oktoba mwaka huohuo.

Ukiruka mstari wa nne utatumbukia shimoni bila kujua. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa 1962, Waziri Mkuu akiwa Kawawa. Ukiandika "serikali ya Nyerere ilipitisha" umekosea. Ukiiacha kabisa umemficha, kwa kuwa aliyekuja kuitumia kwa miaka mingi ni Rais Nyerere. Andika yote mawili, sentensi mbili zinatosha.

Angalia pia tarehe pacha. Desemba 9 ni uhuru na ni jamhuri, mwaka mmoja kati yake. Februari 5 ni siku Azimio la Arusha lilipotangazwa, 1967, na ni siku CCM ilipozaliwa kwa kuunganisha TANU na ASP, chama cha Zanzibar, 1977. Hapo kitenzi nacho kina kazi: Azimio lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari, likatangazwa Februari 5. Muungano vilevile, hati zilitiwa saini Aprili 22, nao ukaanza Aprili 26.

Sasa ugawe nafasi. Utoto na shule maneno 150, kwa kuwa Kambarage kuchunga, Mwisenge, Tabora na Makerere havihitaji zaidi. Wengi humaliza nusu ya karatasi wakiwa bado Butiama. Harakati za 1953 hadi 1961 zipe 250. Usimwache peke yake jukwaani: bila akina Sykes, Dossa Aziz na Bibi Titi Mohamed, TANU ya Dar es Salaam haieleweki. Urais upate 400, miaka ya baada ya 1985 maneno 150, familia 50.

Kwenye urais ndipo wasifu hugeuka wimbo wa sifa au hati ya mashtaka. Dawa ni kufunga kila hatua na matokeo yake. Azimio liende na benki zilizotaifishwa siku zilezile. Vijiji vya ujamaa viende na amri ya 1973 ya kuhamia vijijini na watu waliohamishwa kwa nguvu. Bibi Titi, yuleyule wa TANU, alihukumiwa kifungo cha maisha 1971 kwa kesi ya uhaini, akasamehewa 1972. Asitokee kwenye picha ya uhuru tu halafu akapotea. Vita vya Kagera viende na tarehe mbili: majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala kuanguka Aprili 11, 1979.

Kuhakiki: uteuzi na kujiuzulu tafuta kwenye Gazeti la Serikali, hotuba za bungeni kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, mengine kwenye magazeti ya wakati ule yaliyohifadhiwa Maktaba Kuu. Gazeti la tarehe 10 kwa kawaida linaeleza ya tarehe 9, usinakili tarehe iliyo juu ya ukurasa. Hotuba iliyorekodiwa isikilize kabla ya kuweka alama za kunukuu. Maneno yake ya kutangaza vita dhidi ya Amin, yale ya uwezo, sababu na nia, husambazwa kwa mpangilio tofauti tofauti, na ya kwako yatakuwa mojawapo usiposikiliza.

Kifo: Oktoba 14, 1999, hospitali ya St Thomas', London, kwa saratani ya damu, maziko Butiama, Oktoba 23. Wakati huo alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, kazi iliyopokewa na Nelson Mandela. Na ukigusa mchakato wa Kanisa Katoliki wa kumtangaza mwenyeheri, ulioanzia Jimbo la Musoma, cheo anachopewa ni Mtumishi wa Mungu. Mwenyeheri ni ngazi nyingine, ya juu zaidi.