Pima oksijeni ya kizimba kabla jua halijachomoza

Sato wa ziwani akikosa hewa huhama. Sato wa kizimbani hana pa kwenda, na uhai wake wote unategemea maji yanayopita kwenye nyavu. Ndugu mfugaji wa mwambao wa Mwanza, unapima chakula kwa kilo na kuhesabu vifaranga kimoja kimoja. Oksijeni iliyoyeyuka majini nayo inastahili kupimwa kwa uangalifu huohuo, kwa sababu inaweza kukumalizia kizimba kizima kwa usiku mmoja.

Sato hustawi maji yakiwa na miligramu 5 za oksijeni kwa lita au zaidi. Zikishuka chini ya 3, hula kwa shida, hukua polepole na magonjwa humwingia kirahisi. Anaweza kustahimili hali hiyo kwa saa kadhaa, lakini kizimba kilichojaa samaki wakubwa hakitoi nafasi ya kungoja. Ukishawaona wamepandisha midomo juu wakihema, hatari imeshafika.

Vipimo vya mkononi vya oksijeni viko vya aina mbili. Cha zamani hutumia utando mwembamba na vyuma viwili ndani ya maji ya chumvi. Asili yake ni kifaa alichobuni Leland Clark wa Marekani miaka ya 1950 kwa ajili ya kupima oksijeni katika damu. Kinafanya kazi vizuri, ila chenyewe hutumia oksijeni kinapopima, hivyo lazima ukitikise majini polepole, la sivyo kitasoma chini ya hali halisi. Cha pili ni cha mwanga. Taa ndogo ya LED humulika rangi maalumu iliyo kwenye kofia ya kihisi, yaani ile sehemu ya kipimo inayoshushwa majini, nayo rangi hung'aa kwa wekundu. Oksijeni ikiwa nyingi mng'ao huo hufifia, na kihisi kingine cha mwanga hupima umefifia kiasi gani. Taa hiyo mara nyingi ni ya buluu, ile iliyowapa wavumbuzi wake, Akasaki, Amano na Nakamura, Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kama fedha zinatosha, nunua cha mwanga: hakihitaji kutikiswa wala kubadilishwa utando, na husoma vizuri hata maji yakiwa yametulia.

Aina yoyote utakayochukua, jambo linalosahauliwa zaidi ni mwinuko wa ziwa letu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo maji yetu hubeba oksijeni kidogo zaidi. Maji ya nyuzi joto 25 yaliyoshiba oksijeni huwa na miligramu 8.3 kwa lita kule pwani; hapa Mwanza ni kama 7.2 tu. Vipimo vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekewa usawa wa bahari. Ukikisawazisha kipimo, yaani kukirekebisha ili kisome sawasawa, bila kubadilisha mwinuko, kitakuonyesha 4.0 wakati maji yana 3.5. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mfugaji aendelee kulisha siku ambayo alipaswa kusimamisha. Kifaa kikikuuliza mgandamizo wa hewa badala ya mwinuko, weka karibu hektopaskali 885. Usichukue ile namba ya elfu moja na kitu inayotolewa na utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, kwani hiyo imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari. Kisha weka kihisi kwenye kikombe chenye kitambaa kibichi, bila kukizamisha, ngoja namba zitulie, ndipo ukisawazishe kwenye asilimia 100.

Pima saa 11 hadi saa 12 alfajiri. Mchana mwani hutengeneza oksijeni. Usiku mwani huohuo, pamoja na samaki, huitumia, na alfajiri ndipo inapokuwa chini kabisa. Anayepima saa 9 alasiri peke yake atapata namba za kumfurahisha na kumpotosha. Shusha kihisi mita moja, kisha katikati ya kizimba, kisha hadi karibu na kitako cha wavu, uandike zote tatu pamoja na joto la maji. Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapochanganya ziwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni huweza kupanda. Miezi hiyo usiruke hata siku moja. Maji yakibadilika rangi ghafla au yakinuka kama yai viza, pima papo hapo.

Namba ikiwa kati ya 3 na 4, punguza chakula na uanze kulisha jua likishapanda, baada ya kupima tena. Chini ya 3, usilishe kabisa, usihamishe wala kupanga samaki kwa ukubwa, ondoa waliokufa, na safisha nyavu zilizoziba ili maji yapite. Namba zikiendelea kushuka siku hadi siku, vua mapema waliofikia ukubwa wa soko. Mpigie ofisa uvuvi ukiwa na daftari lako mkononi. Namba za wiki nzima zitamsaidia kuliko maelezo ya jana.

Kwa vikundi vidogo, napendekeza kwa dhati kipimo kimoja kizuri cha kushirikiana, chenye mtu mmoja aliyekabidhiwa, kuliko vihisi vya kudumu majini visivyo na msimamizi. Kihisi kinachokaa ziwani huota utelezi wa mwani ndani ya siku chache na kuanza kusoma uongo, hivyo kinahitaji kufutwa kwa kitambaa laini angalau mara moja kwa wiki. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji bei ya kofia au utando wa akiba na kama vinapatikana nchini. Kofia ya kihisi cha mwanga huisha nguvu baada ya mwaka mmoja au miwili, na bila ya akiba kipimo chote hukaa kabatini.