Kabla ya Kuwapima Wanafunzi wa Kichina Kusikiliza na Kusoma Kiingereza

Ukipewa darasa la sekondari ya juu mjini Wuhan na kuambiwa upime Kiingereza chao, kutunga maswali ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni kujua alama ulizopata zimetoka wapi. Mwanafunzi anaweza kufaulu sana katika kusoma kwa sababu anajua lugha, au kwa sababu amefanya karatasi za aina hiyo mpaka anaijua mitego yote. Mwenzake anaweza kuanguka katika kusikiliza kwa sababu hasikii Kiingereza, au kwa sababu spika iliyo nyuma ya darasa inakoroma. Kwenye jedwali lako wote hao watakuwa tarakimu tu. Haya yameandikwa hasa kwa mwalimu au mwanafunzi wa uzamili wa kwetu anayekwenda kukusanya data huko, ingawa mwalimu wa shule ya kimataifa Dar es Salaam au Nairobi mwenye watoto wa Kichina darasani naye atapata chake.

Jambo la kwanza ni kujua hao vijana ni wa wapi, maana kuzungumza Kichina hakuwafanyi wawe wamepitia shule moja. China bara, Kiingereza huanza darasa la tatu kwa mujibu wa sera ya 2001, na kila kitu huelekea kwenye gaokao, mtihani wa mwezi Juni wa kuingia chuo kikuu. Kiingereza kina alama 150. Katika karatasi ya muundo mpya inayotumiwa na mikoa mingi, kusikiliza ni maswali 20 yenye alama 30, na ufahamu wa kusoma una alama 50. Mazungumzo mafupi matano ya mwanzo husikika mara moja tu. Yanayofuata husikika mara mbili. Kila swali la kusikiliza lina majibu matatu ya kuchagua, na karatasi hutanguliwa na mfano uleule wa bei ya shati, pauni 9 na peni 15, ambao vijana wameuzoea hadi wanautania.

Taiwan mambo ni mengine. Mtihani mkuu wa kuingia chuo hufanyika Januari na hauna kusikiliza. Kusikiliza ni mtihani wa peke yake, na matokeo yake hutolewa kwa madaraja ya A, B, C na F. Hong Kong, wanaofanya mtihani wa diploma ya kumaliza sekondari ulioanza 2012 husikiliza huku wakiandika, wakichanganya walichosikia na nyaraka walizopewa ili watunge barua au ripoti. Kwa miaka mingi sauti imekuwa ikirushwa kwa redio, na mtahiniwa huja na redio yake ndogo na visikizi vyake. Tena huko nyumbani wengi huzungumza Kikantoni, na shule nyingi hufundisha masomo kwa Kiingereza. Ukichukua mtihani uliotungwa kwa ajili ya Wuhan ukaupeleka Taipei, sehemu ya matokeo itakuwa ni mshangao wa wanafunzi tu. Hata maelekezo ya Kichina lazima yaandikwe kwa herufi za mahali husika, zilizorahisishwa kwa bara na za jadi kwa Taiwan na Hong Kong.

Usibebe karatasi ya kidato cha nne kutoka nyumbani ukidhani umri ukilingana mambo yamelingana. Mwanafunzi wa sekondari Tanzania amekutana na Kiingereza katika baiolojia, jiografia na hesabu. Wa Wuhan amesoma fizikia yake yote kwa Kichina. Kiingereza kwake ni somo, na linaisha kengele ikilia. Mtaala wa bara unalenga takriban maneno 3,000 kwa anayekwenda kufanya gaokao, na orodha ya rejea ya Taiwan ina ngazi sita zenye takriban maneno 6,000. Usizilinganishe hizo namba mbili kana kwamba mmoja anajua mara mbili ya mwenzake. Neno kuwa kwenye orodha ni jambo moja, na mtoto kulitambua likitamkwa haraka ni jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi yote. Wengi wa wanafunzi hawa wamelijua neno kwa jicho kabla ya sikio, kwa hiyo kusoma kwao huwa mbele ya kusikiliza. Unapotunga swali la kusikiliza, jiulize jibu linategemea sauti gani. Silabi ya Kimandarini huishia kwa irabu, au kwa n au ng, na mara chache r. Basi "seat", "seed" na "see" zikisemwa haraka hukaribiana sana masikioni mwao. Mswahili hahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana sisi wenyewe tuliichukua "book" tukaitia irabu mwishoni ikawa buku. Vilevile kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kwa ajili ya wakati. Kama tofauti kati ya jibu sahihi na la kupotosha ni ile d ya mwisho wa kitenzi, umepima konsonanti moja. Si vibaya, ilimradi umekusudia. Kama hukukusudia, msemaji ataje "last year" na mambo yaishe.

Lahaja ya nyumbani nayo ina sauti yake. Wuhan, Chengdu, Changsha na kwingineko kusini, wapo wengi wasiotenganisha l na n, na Wakantoni wa Hong Kong hivyohivyo, hivyo "light" na "night" ni mtego kwao lakini si kwa kijana wa Beijing. Kiwakilishi cha nafsi ya tatu hutamkwa "tā" kwa mwanamume na kwa mwanamke, kama yeye wetu. Mazungumzo ya watu watatu ambamo swali linasimama juu ya "he" na "she" yatawaangusha hata wanaoelewa habari yote.

Halafu kuna namba. Mchina huhesabu kwa makundi ya elfu kumi, yaani "wan", kwa hiyo 350,000 kwake ni wan 35. Akisikia idadi hiyo kwa Kiingereza lazima aivunje na kuipanga upya huku msemaji anaendelea. Sisi tuliozoea laki tunaijua kazi hiyo ya kichwani. Ukitaka kupima kusikia tu, tumia bei na saa. Angalia na ghorofa: China bara, ghorofa ya kwanza ni ile ya chini kabisa, ilhali Hong Kong wamebaki na hesabu ya Kiingereza cha Uingereza. Swali la "first floor" lenye picha ya jengo linaweza kuwa na majibu mawili sahihi bila mtungaji kujua.

Suala la lafudhi huwafanya watu wa kwetu wajisikie vibaya, na sioni kwa nini. Wanafunzi hawa wamezoea sauti za Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani zilizorekodiwa studio. Ukirekodi mwenyewe kwa lafudhi ya Morogoro au Kisumu, hujaharibu chochote, ila umeongeza kitu kipya katika kipimo. Ningeweka sauti walizozoea katika sehemu kuu, kisha sehemu fupi ya pembeni yenye lafudhi nyingine, na alama zake zihesabiwe peke yake. Kitu kimoja tu nakikataa kabisa, nacho ni mwalimu kusimama mbele na kusoma kwa mdomo. Darasa la pili halitapata kasi wala mkazo uleule. Rekodi, hesabu maneno kwa dakika, andika idadi hiyo kwenye ripoti.

Wape nafasi ya kusoma swali kabla ya sauti, kama walivyozoea. Hotuba ya dakika tatu ikifuatiwa na swali la tarehe iliyotajwa mwanzoni inapima kumbukumbu. Na majibu ya kuchagua yawe mafupi. Majibu marefu humsaidia anayesoma vizuri lakini hasikii, kwa sababu hulinganisha sentensi na kuchagua ile inayofanana na jibu. Kuna njia nyepesi ya kulibaini hilo: wape wanafunzi wachache, wasiokuwa katika kundi lako, karatasi ya kusikiliza bila sauti. Kwa maswali 20 yenye majibu matatu, kubahatisha kutawapa wastani wa sita au saba. Wakipata 12, maswali yako yanajijibu. Fanya vivyo hivyo kwa ufahamu, wape maswali bila kifungu cha habari. Huwa inaaibisha, lakini bora aibu hiyo ikupate mapema.

Kwenye kusoma, shida ya kwanza ni vifungu vilivyokwisha kufanywa. Vifungu vya gaokao huchotwa katika magazeti na vitabu vya Kiingereza na kufupishwa, na kampuni za masomo ya ziada nazo hufanya hivyohivyo kwa wingi wa kutisha. Makala uliyoipenda mtandaoni yaweza kuwa tayari kwenye hazina ya maswali ambayo darasa zima limeimaliza. Tunga upya au badilisha sana. Mada nayo ichunguzwe. Habari ya kriketi itawapoteza kwa sababu hawajui mchezo, na habari ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina wataijibu bila kuisoma. Ningependelea kitu ambacho hakuna anayekijua na chenye maelezo yote ndani yake, mfano jinsi wavuvi wa Lamu wanavyotengeneza jahazi, kikiandikwa kwa maneno ya ngazi yao.

Ugumu wa sentensi haumo kwenye maneno peke yake. Kichina hutanguliza maelezo yote kabla ya nomino, ilhali Kiingereza huyafuatisha nyuma ya nomino, wakati mwingine kwa mistari miwili. Kiswahili kiko upande wa Kiingereza hapa, na ndiyo maana mtungaji Mswahili hupitisha sentensi hizo bila kuona lolote. Mpe karatasi mwalimu Mchina aisome kwanza, umwambie apige mstari kila alipolazimika kurudi nyuma.

Kama una maswali ya kujieleza, amua lugha ya majibu mapema. Wakijibu kwa Kiingereza, umepima na kuandika. Wakijibu kwa Kichina utaona ufahamu ulivyo, ila utahitaji msahihishaji anayejua lugha zote mbili, na mwongozo wa kusahihisha utakaoandikwa mara mbili.

Vifaa havina maelezo marefu. Kaa kiti cha nyuma kabisa usikilize rekodi yote, madirisha yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa. Wakati wa gaokao magari hukatazwa kupiga honi karibu na vituo na ujenzi husimamishwa. Siku yako hakuna atakayesimamisha chochote. Mlango nao ufungwe. Katika gaokao, anayechelewa masomo mengine huruhusiwa hadi dakika 15 baada ya kuanza, lakini kwa Kiingereza cha saa tisa alasiri mlango hufungwa saa tisa kasorobo. Ukipata maabara ya lugha yenye hedifoni, itumie. Vijana wa Beijing tayari hufanya kusikiliza na kuzungumza kwa kompyuta, alama 50 kati ya 150. Wengine wape karatasi ya majibu ya kusiliba na uhakikishe wana penseli za 2B, ambazo kila mmoja anazo.

Kalenda pia. Mwaka wa masomo huanza Septemba, na wanafunzi wapya hupitia mafunzo ya kijeshi katika siku za mwanzo. Januari au Februari kuna likizo ya mwaka mpya wao. Mwaka wa tatu, ambao ndio wa gaokao, usiuguse baada ya Machi. Hakuna mwalimu atakayekupa saa hata moja, na akikupa, vijana watakuwa wamechoka kiasi kwamba data haitafaa.

Ruhusa ianzie chuoni kwako, ipite kwa mkuu wa shule, ifike kwa mwalimu wa darasa, ambaye kwa kweli ndiye mwenye mamlaka, na kwa wazazi kwa sababu wengi hawajafika miaka 18. Sheria ya China ya kulinda taarifa binafsi inatumika tangu tarehe 1 Novemba 2021. Tumia namba badala ya majina, na orodha ya kuoanisha namba na majina ibaki shuleni.

Kanuni za alama ziandikwe na kufungwa kabla mtu hajaona karatasi hata moja. Mkoa wa Zhejiang ulijifunza hili hadharani. Katika mtihani wa Kiingereza wa Novemba 2018, iligundulika wakati wa usahihishaji kwamba baadhi ya maswali ya kusoma na kuandika yalikuwa magumu kuliko ya mwaka uliotangulia, na mamlaka zikaongeza uzito wa alama za maswali hayo baada ya mtihani kufanyika. Wazazi walipoona matokeo walikuja juu, serikali ya mkoa ikachunguza, na mwanzoni mwa Desemba nyongeza ikafutwa, alama zikarudi zilivyokuwa. Ugumu wa maswali hupimwa kwenye jaribio la awali, kwa darasa jingine la kiwango hichohicho. Swali walilopata wote au walilokosa wote litoe. Lile ambalo wazuri wanalikosa na dhaifu wanalipata lichunguze kwa makini, mara nyingi lina majibu mawili.

Mwisho, madarasa yote yafanye kwa wakati mmoja. Simu hukusanywa katika shule nyingi, lakini jioni zinarudi mikononi, na maswali uliyotumia Jumanne asubuhi yatakuwa kwenye WeChat kabla ya darasa la Jumatano kwenda kulala.