Kabla ya Kumwanzishia Mtoto Njiti Madini: Hesabu za Kufanya Kwanza

Mtoto njiti huzaliwa na akiba ndogo ya madini. Chuma, zinki na shaba hupita kwa wingi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na hiyo miezi yeye kaikosa. Mtoto aliyetimiza miezi akiwa na kilo 3 ana chuma kama miligramu 75 kwa kila kilo, yaani zaidi ya miligramu 200 kwa jumla. Njiti wa kilo 1 ana kiwango kinachokaribia hicho kwa kilo, ila jumla yake ni 75 tu, na anatakiwa kuongeza uzito mara mbili hadi mara tatu ndani ya miezi michache. Kwa hiyo kabla ya kufikiria dawa, jueni kinachoingia kinatoka wapi, ni kiasi gani, na kipi tayari kimo.

Hesabu inaanzia chumba cha kujifungulia. Kama mtoto hahitaji kusaidiwa kupumua mara moja, kitovu kisibanwe kabla ya dakika 1. Jambo hili likubaliwe mapema na kila atakayekuwemo, kwa sababu mama anapojifungua ghafla usiku hakuna anayekumbuka kuuliza. Mililita moja ya damu yenye hemoglobini ya gramu 15 kwa desilita hubeba chuma kama miligramu 0.5, mililita 15 zikimfikia mtoto wa kilo 1, amepata chuma cha zaidi ya siku tatu za dozi ya miligramu 2 kwa kilo atakayoanzishiwa baadaye. Kukamua kitovu kuelekea kwa mtoto si njia ya mkato kwa aliyezaliwa kabla ya wiki 28 za mimba, maana kunahusishwa na kuvuja damu ndani ya ubongo. Hesabu hiyohiyo inageuka upande wa pili wodini: mtoto wa kilo 1 ana damu isiyofika mililita 100, na kila kipimo kinaondoka na chuma chake. Vipimo viunganishwe, na chupa ziwe ndogo.

Atakayelishwa kwa mshipa anahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa sababu utumbo, ambao kwa kawaida huzuia ziada isiingie, umerukwa. Viwango vinavyotumika sana kwa njiti, kwa kilo kwa siku, ni zinki mikrogramu 400 hadi 500, shaba mikrogramu 40, seleniamu mikrogramu 7, iodini mikrogramu 1 hadi 10, na manganizi isiyozidi mikrogramu 1. Sasa shika chupa ya mchanganyiko wa madini ya watoto usome lebo. Mchanganyiko mmoja wa kawaida, ukitolewa mililita 1 kwa kilo, una zinki mikrogramu 250, shaba 20, seleniamu 2 na manganizi 1. Zinki na shaba ni nusu ya anachohitaji njiti, na seleniamu haifiki hata theluthi. Kishawishi ni kuongeza mchanganyiko huo mara mbili. Ukifanya hivyo zinki na shaba zinatosha, seleniamu bado ni pungufu, na manganizi imevuka kikomo. Manganizi ikizidi hujikusanya kwenye ubongo. Kilicho sahihi ni kuongeza zinki ya peke yake, na seleniamu ya peke yake ikipatikana, kwa hiyo mfamasia aulizwe mapema kama zipo stoo. Chuma, kwa wiki chache za mwanzo, hakiwekwi humo, kinasubiri mdomo.

Manganizi na shaba hutoka mwilini kupitia nyongo. Mtoto akipata manjano ya nyongo kuziba, manganizi isimamishwe. Shaba isiondolewe kwa mazoea, ipimwe kwanza, kwa sababu wapo walioondolewa shaba kwa tahadhari wakaishia na upungufu wake. Mwenye tundu la utumbo tumboni baada ya upasuaji ni kinyume: kila anachomwaga kina zinki, na mikrogramu 500 kwa kilo inaweza isimtoshe. Jambo lingine ambalo haliandikwi kwenye karatasi ya lishe ni dawa ya kusafishia ngozi. Yenye iodini hupenya ngozi laini ya njiti, na iodini nyingi kwa mkupuo inaweza kuizima tezi ya shingo kwa muda. Kama hiyo ndiyo iliyopo, tumia kidogo na uifute kwa maji safi yasiyo na vijidudu.

Tuje kwenye matone ya chuma, ambako makosa ni mengi zaidi. Kwa aliyezaliwa chini ya gramu 1,500 na anayekunywa maziwa ya mama, kawaida ni miligramu 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku kuanzia anapotimiza wiki mbili. Kabla ya hapo subiri, kwani chuma kilicho huru huunguza seli, na kinga ya njiti dhidi yake bado changa. Kabla ya kuandika dozi, uliza mambo mawili. Ameongezewa damu hivi karibuni? Mililita 15 za seli za damu kwa kilo huleta chuma kati ya miligramu 10 na 15 kwa kilo, sawa na dozi za siku tano hadi saba kwa miligramu 2 kwa kilo. Akiwa ameongezewa mara kadhaa, pima kwanza feritini, kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma. Ikizidi mikrogramu 300 kwa lita hivi, chuma kingoje. La pili, anakunywa nini? Maziwa ya kopo ya njiti yenye chuma miligramu 1.4 kwa mililita 100, akinywa mililita 150 kwa kilo, tayari yanampa miligramu 2.1. Kiongeza lishe kinachochanganywa na maziwa ya mama nacho hutofautiana: kuna chenye chuma cha kutosha na kuna kisicho nacho kabisa. Soma pakiti iliyo mkononi mwako, usitegemee ile ya mwezi uliopita.

Halafu nguvu ya dawa. Dozi huandikwa kwa chuma chenyewe, wakati lebo nyingine hutaja uzito wa chumvi yake, yaani chuma pamoja na kemikali kilichoungana nayo. Feras salfeti ya kawaida ina chuma kama asilimia 20, feras fumarati 33, feras glukonati 12. Miligramu 125 za salfeti ni miligramu 25 tu za chuma. Chukua mtoto wa kilo 1.6 aliyeandikiwa miligramu 2 kwa kilo: ni miligramu 3.2. Matone yenye miligramu 25 kwa mililita yanampa mililita 0.13. Nukta ikihama na kuwa mililita 1.3, amemeza zaidi ya miligramu 32, yaani 20 kwa kilo, na hapo ndipo dalili za sumu huanza. Ndiyo maana mililita 0.13 haipimwi kwa kijiko wala kwa kifuniko cha chupa. Litolewe bomba la kupimia dawa la mililita 1, lichorwe mstari kwa kalamu isiyofutika, na mama apime mwenyewe mbele ya muuguzi kabla ya kuondoka. Karatasi iandikwe miligramu na mililita pamoja na nguvu ya dawa, kwa sababu duka la dawa linaweza kumpa chupa nyingine kabisa.

Zinki hujificha. Kwenye maziwa ya mama hupungua wiki baada ya wiki. Yakiwa na miligramu 3 kwa lita, mililita 160 kwa kilo hutoa kama miligramu 0.5, wakati njiti anayekua huhitaji 2 hadi 3. Upungufu huonekana kama uzito uliosimama, kuhara, na vipele vyekundu vinavyochubuka kuzunguka mdomo, makalio na vidole, ambavyo hutibiwa kama fangasi na havisikii. Ila zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia shaba kufyonzwa. Upungufu wa damu usiojibu chuma, huku seli nyeupe zimeshuka na mifupa imekuwa laini, ni wa kushukiwa shaba.

Ukitaka kupima, fanya mtoto akiwa hana maambukizi, au pima pamoja na CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili unapopambana na maambukizi. Maambukizi hushusha zinki ya damu na kupandisha shaba na feritini, hata majibu yakadanganya pande zote. Chupa ya kupimia zinki iwe maalumu, kwa sababu mpira wa kizibo cha kawaida unaweza kuichafua sampuli.

Nyumbani, dozi ihesabiwe upya kila kliniki kulingana na uzito mpya, la sivyo miligramu 2 kwa kilo za leo zitakuwa 1 baada ya uzito kuongezeka mara mbili. Choo kitakuwa cheusi au kijani kilichokolea. Hiyo si sababu ya kuacha dawa. Choo cheusi chenye damu mbichi, au tumbo lililojaa na kutapika kijani, ni jambo jingine, apelekwe hospitali. Dozi ikisahaulika isifidiwe kwa kuzidisha ya kesho. Chupa ikae juu na kifuniko kimefungwa, hasa kama kuna mtoto mwingine anayetembea. Ikitokea mmoja wao amepewa au amekunywa nyingi, nendeni hospitali na chupa mkononi hata kama ametapika na sasa anaonekana mzima: sumu ya chuma ina kipindi cha utulivu cha saa kadhaa kabla ya ini na moyo kuanza kushindwa.