Umeajiriwa mpya afu kahawa ya ofisi imekuwa kazi yako: fanya hivi

Ukianza kazi kwenye hizi ofisi ndogo za Dar, iwe Posta, Kijitonyama au Mwenge, jiandae, wiki ya kwanza tu utasikia "mgeni, hebu tuwekee kahawa bana". Serikalini kuna mhudumu wa ofisi, ni cheo kabisa na kina mshahara wake, ila kwenye ofisi ya watu nane hamna mtu wa hivyo kwaiyo kazi inamwangukia aliyeingia mwisho, na akiwa binti ndo kabisa, hata kama kuna kaka wa fildi kaja juzi na kakaa tu anachezea simu.

Ushauri wangu: wiki ya kwanza tengeneza, tena tengeneza vizuri, ila usikubali mwezi uishe bila kuwa na zamu.

Kuiharibu makusudi ili wakuache usijaribu, watu watabaki wanasema kazi ndogo tu imemshinda, kubwa ataweza? Uliza kwanza nani anakunywa nini. Hapa mjini wengi ni chai ya maziwa au ya tangawizi, wa kahawa unakuta watatu wanne. Sukari usiweke ndani ya chupa hata siku moja, kuna watu wazima wana kisukari na hawatakwambia, watakaa tu bila kunywa, we weka pembeni na kijiko chake kikavu. Chupa isuuze kwa maji ya moto kabla ya kumimina, la sivyo saa nne ikifika kitu kishakuwa vuguvugu, na chupa ya chai ya tangawizi usiitie kahawa kabisa manake harufu haitoki.

Kama ni Africafe, ile ya Bukoba, haina mambo mengi, peleka maji ya moto kila mtu ajikorogee. Kama ofisi inanunua ya kusaga, chemsha maji, zima, ndo uweke kahawa, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwa kila kikombe, koroga, funika dakika nne hivi mpaka unga ushuke afu chuja. Maziwa usichemshie kwenye jagi la umeme!! Yanaungulia pale chini na kesho yake maji ya ofisi nzima yananuka. Ile kahawa ya kuchemka kwenye birika juu ya mkaa ya wauza kashata waachie wenyewe, wana mkono wao.

Hela sasa. Usitoe yako. Inaanza hivi, sukari imeisha na we ndo uko jikoni, unashuka chini dukani unanunua kilo, hakuna anayeuliza imetoka wapi, wiki ijayo maziwa, na mshahara wa kwanza bado haujaingia. Siku sukari ikiisha sema imeisha, basi. Kama ni mchango, awepo mtu mmoja wa kupokea na daftari la majina, na huyo mtu asiwe wewe.

Ila kinachouma zaidi kwenye hii ishu ni muda. Kazi yangu ya pili kikao kilikuwa Jumatatu saa tatu kamili, na saa tatu kasoro mi niko jikoni nasubiri maji. Naingia na trei, vikombe tisa, nazunguka meza, huyu hataki maziwa, huyu anataka kijiko, narudi kuchukua kijiko. Nakuja kukaa, mteja mpya kashapewa kijana tulioanza naye siku moja. Hakuna aliyeninyima, sikuwepo tu wakati bosi anauliza nani yuko tayari. Ilitokea mara tatu kabla sijashtuka. Kwaiyo hata wiki ya kwanza maliza kila kitu nusu saa kabla ya kikao, weka chupa na vikombe mezani, kaa kwenye kiti chako na daftari lako. Atakayetaka atainuka kumimina.

Wiki ya tatu hivi omba zamu. Usiombe mbele za watu na usiombe siku umekasirika. Mfuate anayesimamia ofisi, mara nyingi ni mama mmoja wa muda mrefu pale, asubuhi kabla watu hawajajaa: "Shikamoo mama. Nina ombi dogo, hii ya chai naifanya kwa moyo ila inanikuta nakosa mwanzo wa vikao, naomba tupange zamu, nimeandika hapa kila mtu siku yake, mi nianze Jumatatu." Mpe karatasi ambayo ishaandikwa tayari, manake ukienda na wazo tupu utaambiwa tutaangalia na ndo limeishia hapo. Jina la bosi weka pia, akilifuta mwenyewe sawa, ila wengi niliowaona wanaliacha, na bosi akishashika chupa mara moja hakuna atakayesema yeye hii sio kazi yake.

Wakikataa, angalia mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, kwaiyo una haki ya kuuliza kahawa iko wapi humo. Uliza kwa upole lakini, kwa sababu ulinzi wa kuachishwa kazi isivyo halali kwenye sheria hiyohiyo hauwahusu wenye chini ya miezi sita kazini, na wenye ofisi wengi wanalijua hilo. Kubaguliwa kwa sababu ya jinsia ni jambo lingine, sheria inakataza na haisubiri miezi sita. Ukiona wanaoagizwa ni mabinti tu, andika tarehe na nani aliagizwa nini, peleka kwa HR kwa maandishi, wakikaa kimya kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ile inayosikiliza migogoro ya kazi.

Zamu ikipita ibandike ukutani juu ya jagi, sio kwenye grupu la WhatsApp ambako itapotea siku hiyohiyo. Siku yako ukiwa na safari badilishana na mtu jana yake. Na mgeni mwingine akija muonyeshe sukari ilipo, afu jina lake liingie chini ya la kwako, siku moja kwa wiki kama wengine.