Somo: Kuwinda kindi mwisho wa msimu, majani yakishapukutika

Wakuu, Januari na Februari huku Marekani wengi washafungia bunduki kabatini eti kindi wamelala. Kindi wa mitini halali msimu wote wa baridi, anatoka, anakula, anarudi kujikunja. Kilichobadilika ni kwamba majani hayapo, anakuona toka mbali, na hawa waliobaki wanaujua mlio wa bunduki vizuri tu, kwahiyo ukiingia msituni kwa staili ya mwanzo wa msimu unarudi mikono mitupu.

HATUA 1. Cheki sheria za jimbo lako: tarehe, leseni, idadi kwa siku, kizibao cha rangi ya chungwa. Majimbo mengi yanafunga mwishoni mwa Februari ila Missouri wanafunga tarehe 15. Tusonge.

HATUA 2. Chagua siku. Upepo mkali, baki nyumbani. Baridi ikiwa kali sana huna haja ya kuwahi giza, kindi anasubiri jua limfikie, na ile aina kubwa yenye tumbo la rangi ya kutu (fox squirrel) ndo kabisa, anaweza kutoka saa nne huko wakati aina ya kijivu (gray squirrel) keshakula. Siku tulivu yenye jua baada ya siku kadhaa za theluji na upepo, hiyo usiikose hata kwa dawa, na anzia mteremko unaopigwa jua la asubuhi.

HATUA 3. Tafuta chakula, hapa ndo penye somo lenyewe. Mbegu za mwaloni mweupe zinaota mapema, vuli hiyohiyo, ndo maana kindi anazila palepale (wa kijivu ana ujanja wa kung'ata kile kiini cha kuotea kabla hajaifukia, isiote). Za mwaloni mwekundu zinasubiri mpaka masika, kwahiyo ndizo anazofukia kwa wingi na ndizo anazofukua saa hizi. Nenda chini ya mialoni myekundu uangalie vishimo vidogo, saizi ya kuingia vidole viwili vitatu, na maganda pembeni. Kama kuna theluji angalia udongo, ukiwa umemwagika JUU ya theluji na haujaganda basi jamaa katoka hapo muda si mrefu. Mwisho wa Februari inua macho, wanapanda juu kabisa kula machipukizi ya miti ya mimepo (maple) na mielmu (elm).

HATUA 4. Kaa. Mgongo kwenye shina pana kuliko mabega yako, jua nyuma yako, tulia. Usitafute kindi mzima, tafuta sikio, kinundu kwenye panda ya mti, manyoya ya mkia yanayocheza na upepo. Darubini ya mkononi inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Halafu huu ni msimu wa kupandana, ukiona madume yanamfukuzia jike usikurupuke, yakikolea hayana habari na wewe, yanaweza kukuletea shughuli mpaka miguuni.

HATUA 5. Kupiga. Bunduki ya risasi ndogo ya .22 yenye darubini, lenga kichwa, na piga pale tu shina au tawi nene liko nyuma yake au kilima kiko nyuma. Risasi ya .22 ikienda hewani inaweza kufika zaidi ya kilomita 2 na majani ya kukuficha nyumba ya mtu hayapo, lakini nyumba ipo! Wa shotigani, marisau namba 5 au 6 na choki (mbano wa mdomo wa mtutu) iliyobana, maana utapiga mbali kidogo.

MASWALI

Swali: Mkuu, kila nikimfikia anazunguka upande wa pili wa mti, nafanyaje?
Jibu: Nendeni wawili, mmoja asimame kama nguzo, mwingine azunguke polepole, kindi atamkwepa huyo anayetembea na kujileta kwa aliyesimama. Ukiwa peke yako rusha kijiti kizito upande wa pili kisha subiri, bunduki iwe tayari begani.

Swali: Majani makavu yanapiga kelele balaa.
Jibu: Subiri mvua au theluji iyeyuke kidogo. Isipowezekana tembea hatua mbili tatu usimame, ule mwendo wa kijeshi wa moja kwa moja ndo unawashtua.

Swali: Mbwa anafaa?
Jibu: Sasa hivi ndo wakati wake kaka, akishambwekea juu unamwona kindi bila majani kukuzuia. Mimi binafsi napenda kukaa kimya ila siwabezi wenye mbwa.

Swali: Nyama yao ni ngumu kama raba, na je ni salama?
Jibu: Wengi wa saa hizi ni wakubwa, usikaange moja kwa moja, chemsha moto mdogo mpaka inaachia mfupa ndo ukaange au utie mchuzi. Vaa glavu ukichuna, tularemia (ugonjwa wa bakteria unaoambukiza watu) ipo kwa sungura zaidi ila na kindi wanaipata, na nyama ifike nyuzi 74 za Selsiasi ndani. Chuna angali na joto, akipoa ngozi inang'ang'ania na manyoya yanajaa kwenye nyama, utamchukia bure.